Nabalayo, anayejua nyanya ipi ikatwe kichwa

Saa moja na nusu asubuhi, jua la Soy linagonga nailoni ya kivungulio, banda la kukuzia mimea, na umande unaanza kudondoka kutoka juu kama mvua ndogo. Janice Nabalayo amesimama kati ya mistari miwili ya nyanya, kisu kidogo mkononi. Hakati bado. Anahesabu majani.

"Moja, mbili, tatu, ua," anasema kwa sauti ya chini. Anapanda juu zaidi kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, ua. Hii ni ndefu. Hii inakatwa."

Anachovya kisu katika kikopo cha maziwa, ili ugonjwa wa mche mmoja usihamie mwingine, kisha anakata ncha ya mche uliofika kwenye waya wa juu. Anaacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Kuanzia leo mche huo hautapanda tena. Nguvu yake yote itashuka kwenye matunda.

Mche unaofuata anaupita bila kuugusa.

Nabalayo ana miaka 26. Aliachia masomo darasa la nane, akatoka Bungoma kuja kutafuta kazi ya mashamba Uasin Gishu. Ni mwaka wa tatu sasa anafanya kazi kwa Mama Waiyego, mwenye duka na shamba hapa Soy, kwa shilingi 500 kwa siku. Kazi yake ni kufunga nyanya kwa kamba na kung'oa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina.

Mwezi Machi nusura apoteze kazi hiyo.

Miche 480 ilikuwa imepandwa Januari. Yote ilikuwa imenunuliwa kama ya aina ndefu, ile inayopanda kamba mpaka juu na kuachiwa shina moja tu. Kila Jumanne Nabalayo alipita akitoa machipukizi. Ilipofika wiki ya nane, miche zaidi ya mia mbili ikasimama, ikaacha kurefuka. Ilikuwa imefika magotini, ikatoa ua juu kabisa, ikafunga. Hapakuwa na ncha ya kuendelea.

Walipiga dawa, wakaongeza mbolea. Wapi. Ndipo Mzee Wakoli, msimamizi wa shamba, akaanza kuuliza ni mwanamke gani anaingia humo akiwa katika siku zake za mwezi. Kwao, mwanamke akiwa hivyo hapiti kwenye mboga zinazotambaa. Na mwanamke aliyekuwa akishika nyanya hizo kila wiki alikuwa mmoja tu.

"Hakunitaja jina," anasema Nabalayo. "Lakini kila mtu aliniangalia. Hata chai nilianza kunywa peke yangu."

Mama Waiyego alisema tu kwamba Jumamosi miche iliyosimama ingeng'olewa, apande pilipili hoho, na kwamba wengine wangetosha kufunga miche iliyobaki, hivyo Nabalayo hangehitajika tena.

Ilikuwa Jumatano. Nabalayo hakubishana na mtu. Alirudi ndani ya kivungulio akakaa chini kwenye udongo, akaanza kutazama mche mmoja mmoja.

Kwenye kona, nyuma ya tangi la maji, alikuta mche aliosahau kumaliza kuupogoa. Nao ulikuwa umefunga kwa ua. Lakini chini ya ua hilo chipukizi moja la kwapani lilikuwa limeponyoka mikononi mwake. Lilikuwa limenenepa kama kidole gumba, limepita ua, linapanda.

"Huo mche nilikuwa nimeukosea kazi," anasema, "na kati ya iliyosimama ndio pekee ulikuwa mzima."

Akahesabu majani. Kwenye miche inayopanda vizuri, kati ya kichala na kichala kulikuwa na majani matatu, bila kukosa. Kwenye iliyosimama kulikuwa na moja, au mawili, kisha ua, basi. Zilikuwa aina mbili. Aliyewauzia miche alikuwa amechanganya ndefu na fupi.

Nyanya fupi haingoji mtu. Inatoa maua kwa umri wake, hata ikiwa ndogo, na ikishafunga juu, maisha yake yaliyobaki yako kwenye machipukizi. Nabalayo alikuwa ameyang'oa yote, akidhani anaisaidia.

Alimfuata Mama Waiyego dukani na kumweleza. Akakiri kwamba mkono ulioziumiza ulikuwa wake, lakini si kwa sababu ile inayosemwa.

"Mama, nipatie laini moja tu, wiki mbili," alimwambia. "Zikikataa, nitazing'oa mwenyewe na niende."

Mzee Wakoli aliyekuwa hapo alicheka, akauliza kama sasa nyanya zinahesabiwa kama watoto wa nasari. Mama Waiyego alimpa laini hiyo, mstari mmoja, na kuahirisha kung'oa.

Miche iliyosimama humo ilikuwa 27. Nabalayo aliacha kupogoa kabisa. Kila kwapa lililochipua upya chini ya ua alilichunga, akachagua chipukizi lenye nguvu, akalilaza polepole kwenye kamba. Siku ya tisa miche 23 ilikuwa imepata kichwa kipya. Shina lilipinda kidogo pale penye ua, kama mtu anayezunguka jiwe njiani, kisha likanyooka juu.

Mama Waiyego aliingia asubuhi hiyo. Alishika mpindo mmoja kwa vidole viwili. Pilipili hoho hazikupandwa.

Leo fupi hizo zimefika kifuani, zimebeba vichala vizito mpaka kamba zinalia. Hizo ndizo Nabalayo anazipita na kisu chake. "Hii ukiikata kichwa haina siku za kupona," anasema.

Mwishoni mwa laini, Mzee Wakoli anamngoja na kisu chake mwenyewe, mbele ya mche ulioshiba.

"Nabalayo, huu tukate ama tuache?"

Anahesabu. "Tuache, Mzee."

Anataka kuanza kuuza miche yake mwenyewe, kila trei na aina yake, ili mnunuzi ajue anachopanda. Tayari ana trei moja kwenye dirisha la chumba chake cha kupanga. Imeota juzi, majani mawili mawili, yote yanafanana.

"Hizi bado hazijasema ni nani," anasema. "Nazingoja."