Zalgiris ya South Beach

Maman Ghislaine ana saluni South Beach, Durban, chini ya jengo la fleti ambalo lifti yake haijafanya kazi tangu nilipohamia. Mimi ni Blaise, fundi wa simu. Meza yangu iko mlangoni mwake, kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyaona kwa macho, na yaliyobaki niliyasikia bila kutaka, maana Maman Ghislaine hajawahi kusema jambo kwa kunong'ona.

Anatoka Bukavu, mtaa wa Kadutu. Huko alicheza mpira na kaka zake kwenye mteremko. Mpira ukitoka, unaufuata mpaka kwa majirani wa chini, unaomba radhi, unapanda nao tena. "Ndiyo maana miguu yangu iko hivi," huwaambia wateja akijipiga paja. Vita vilipomfikisha Durban alikuwa na watoto wawili na mikono inayojua kusuka. Alisuka kwenye baraza za watu, kisha kwenye kona ya duka la mtu, mwisho akapata chumba hiki.

Timu aliianzisha kwa sababu ya mgongo. Msusi husimama kutwa nzima nyuma ya kiti, na jioni kiuno chake si chake tena. Jumapili moja baada ya kanisa aliwakusanya wasichana wa saluni za jirani, akawapeleka kwenye majani karibu na ufukwe, akawatupia mpira. Walicheka, wakakimbia, wakaanguka, wakarudi wiki iliyofuata na wenzao. Walikuwa Wakongo, Warundi, dada mmoja wa Kigoma, na kipa wao Khadeeja, ambaye hakutoka popote. Khadeeja alizaliwa Durban kama mama yake na bibi yake. Ni wa wale Waislamu wa Chatsworth wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao waliletwa hapa na meli za Waingereza. Anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Overport. Alikuja kusukwa, akabaki kudaka.

Jezi zilitoka kwenye robota la mitumba. Cathy, beki wa kulia, huuza nguo sokoni, na siku moja alipokata kamba za robota alikuta jezi za kijani na nyeupe, zote za aina moja, zenye nembo kifuani na neno ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Watazamaji walisoma herufi walizozijua wakaanza kuita, "Zalgiris! Zalgiris!" Jina likakaa. Nilitafuta kwenye simu nikawaambia ni klabu ya Lithuania, nchi ndogo yenye baridi kaskazini mwa Ulaya.

"Sawa," Maman Ghislaine akasema. "Sasa iko ya hapa pia."

Kwa jina hilo waliingia ligi ya wanawake ya Jumapili inayochezwa Queensburgh, na hawakuwa wabaya. Deborah, mshambuliaji wetu, alikuwa na mguu wa kushoto ambao makipa wa timu nyingine waliuzungumzia kwenye vikundi vya WhatsApp.

Siku moja akaja baharia. Mzungu mwenye nywele za rangi ya mchanga, simu imepasuka kioo, meli yake inapakia bandarini. Nilikuwa nafungua simu yake nilipoona ameacha kunitazama. Anaangalia ndani ya saluni, ambako jezi zilikuwa zimeanikwa nyuma ya viti. Akanyoosha kidole.

"Hizo," alisema kwa Kiingereza cha kubahatisha, "mmezitoa wapi?"

Maman Ghislaine alidhani anadai mali yake. Alisimama mlangoni na kitana mkononi. "Tulinunua. Kuna tatizo?"

Hakukuwa na tatizo. Jina lake lilikuwa Rimas, na alitoka Vilnius, mji wenyewe wa klabu ile. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na wakati natengeneza kioo alitueleza habari ambayo wasichana waliisikiliza mikono yao imesimama vichwani mwa watu.

Alisema Zalgiris ni jina la vita vya kale ambavyo wazee wao walishinda, na ukilivunja neno maana yake ni msitu wa kijani. Lakini klabu haikuanza na jina hilo. Nchi yao ilikuwa chini ya Wasovieti, na mwanzoni timu ilibeba majina ya vyama vya michezo vya watawala: Dinamo, halafu Spartakas. Zalgiris lilikuja baadaye, na watu wakalishika kama mtoto wao. Timu ilicheza ligi kubwa ya Wasovieti, na mwaka mmoja ilimaliza ya tatu. Uwanja ulijaa. Baba yake alimwambia kwamba palikuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kupaza sauti kutaja kitu cha kwao, na askari asimfanye kitu.

"Halafu mwaka tisini tukajitangazia uhuru," Rimas alisema. "Msimu ulikuwa umeanza. Timu ikacheza mechi moja, ikatoka kwenye ligi kubwa."

"Walifukuzwa?" Khadeeja aliuliza.

"Walitoka wenyewe. Wakaenda kucheza ligi ndogo, na majirani zetu."

"Na walijuta?" Hilo lilikuwa swali la Maman Ghislaine.

Rimas alifikiri. Alisema wachezaji wazuri waliondoka kwenda nchi za watu. Mashabiki walipungua. Baadaye klabu ikaanguka kabisa, na mashabiki wenyewe ndio walioisimamisha upya. Ilichukua miaka mingi mpaka ikawa timu ya kwanza ya nchi yao kufika hatua ya makundi katika mashindano ya Ulaya. "Kujuta, labda wengine," alisema. "Baba yangu, hapana. Alisema bora uwanja mtupu ulio wetu."

Alilipa, akaomba kupiga picha na jezi, akarudi kwenye meli yake. Hatujamwona tena.

Mwaka uliofuata mji ulichafuka. Watu waliandamana wakidai wageni waondoke. Milango ya maduka ilifungwa mapema, na hata mimi nilikuwa naweka meza ndani. Ndipo Papa Eddy alipokuja saluni. Papa Eddy ni Mkongo mwenzetu wa Lubumbashi, amekaa Queensburgh muda mrefu, ana karatasi zote, na ndiye Mkongo pekee katika kamati ya ligi. Alivaa suti. Alipewa kiti, akakataa soda.

"Maman, ligi imepata mfadhili," alisema. "Jezi mpya, mipira mipya, hata refa mwenye leseni. Lakini kamati imeweka masharti. Kila timu itachukua jina watakalopanga wao. Ninyi mtaitwa Queensburgh Ladies B. Na wageni wasizidi watatu kwa timu."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alitoa kichwa nje.

"Watatu," Maman Ghislaine alisema. "Na wengine niwatie wapi?"

"Watagawanywa, kama kuna timu itawataka. Maman, nisikilize. Wakati huu si wa kujionyesha. Ukiwa kwa watu, unainamisha kichwa upepo upite. Jina ni nini? Hata hilo si lenu, mliliokota kwenye mitumba."

"Papa Eddy, na lako uliliokota wapi? Babu yako kule Katanga aliitwa Eddy?"

Mteja mmoja alikohoa kuficha kicheko. Papa Eddy hakucheka. "Nawatafutia usalama," alisema. "Sisi ni wageni hapa."

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililipokea zamani. Nimesuka nusu ya vichwa vya mji huu. Mtoto wangu wa pili kazaliwa njiani, wa tatu kazaliwa hapa, na lugha anayootea ndoto ni Kizulu. Nitaitwa mgeni mpaka siku gani, Papa? Uniambie niandike."

Khadeeja alikuwa ameketi pembeni akingoja zamu yake. Alisimama.

"Uncle Eddy, mimi kwenye hesabu yenu ni nani? Mgeni au mwenyeji?"

"Wewe ni wa hapa, binti. Wewe huna shida."

"Babu yangu serikali ya makaburu ilimwita hivi, ikabadilisha ikamwita vile. Mwisho ikamwandika yeye ni Mwasia wa aina nyingine, ikamtoa kwao Bluff ikampeleka Chatsworth. Mtu aliyejua jina lake mwenyewe. Sasa nyie mnakuja na kalamu ileile. Mimi siingii timu B ya mtu."

Papa Eddy alitazama viatu vyake. Nadhani aliumia, na sikufurahi kumwona vile, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa muda mrefu hadi woga ukamkaa kama adabu.

"Kwa hiyo niwaambie nini kamati?" aliuliza.

"Waambie Zalgiris imetoka," Maman Ghislaine alisema. "Hatujafukuzwa. Waandike hivyo: imetoka."

Ingekuwa hadithi tamu kama wote wangemfuata. Hawakumfuata. Wiki ileile Deborah alikuja na jezi yake imekunjwa vizuri, akaiweka mezani. Timu nyingine ya ligi ilimtaka, yeye na mwenzake mmoja. "Maman, nina miaka ishirini na mbili," alisema. "Kuna watu wanakuja kutazama ligi ile. Hapa atakuja nani?"

Maman Ghislaine alimwangalia sana. Kisha akamkalisha, akamsuka bila malipo, mistari ya kimichezo inayobana vizuri, akamwambia aende na acheze kwa nguvu. Deborah alipotoka, Maman aliingia kwenye chumba cha nyuma, akakaa humo muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akamwita mteja aliyefuata.

Wakabaki wanane. Walirudi kwenye majani ya ufukweni, pale walipoanzia. Jumapili ya pili wanaume watatu walikuja wakasimama katikati ya uwanja, wakasema uwanja ni wa wenyeji. Maman Ghislaine aliwajibu kwa Kizulu, taratibu, akiwaita wanangu. Aliwaambia uwanja ni wa manispaa, timu yake imeandikisha ratiba, na kama wanataka mechi walete wachezaji. Mmoja alitukana. Khadeeja hakutoka golini. Wasichana walianza kupigiana pasi wakiwazunguka wale wanaume kana kwamba ni nguzo, na mwisho wanaume wakachoka kuwa nguzo, wakaondoka. Miguu yangu ilitetemeka mpaka nikakaa chini. Maman aliniona akasema, "Na yangu pia, Blaise. Lakini haikusogea."

Habari zilizunguka. Timu ya dada wa Kirundi iliyokuwa imepasuliwa na sharti la wageni watatu ilikuja kuomba mechi. Wakaja wasichana wa Kizulu kutoka Umlazi ambao hawakuwa na nauli ya kwenda Queensburgh kila wiki, wala hawakutaka jina la kupangiwa na kamati. Timu tatu, wanane kwa wanane. Hiyo ndiyo ligi. Jina lake ni Ligi Ndogo, na ni Maman Ghislaine aliyekataa ipewe jina kubwa zaidi.

Mechi ya kwanza Zalgiris walifungwa na Umlazi, mbili bila. Walifungwa kihalali, ingawa Maman hadi leo anabishana kuhusu bao la pili. Kipindi cha pili nilimwona Papa Eddy amesimama nyuma ya watazamaji wachache, safari hii bila suti. Alimsogelea Maman pembeni mwa mstari.

"Kamati imelegea kidogo," alisema. "Jina mnaweza kubaki nalo. Lile la wageni ndilo bado."

Maman Ghislaine hakuondoa macho uwanjani. "Papa Eddy, kama umekuja kutazama mpira, karibu, simama hapa na mimi. Kama umekuja kunihesabia watu, gari lako liko wapi?"

Khadeeja alidaka mpira wa juu, akaupiga mbali. Papa Eddy akavua kofia, akasimama pale kando ya Maman mpaka refa alipopuliza filimbi.