Kodi ya Jalala

Watu tulioishi nao Segese miaka ile ya maduka matupu, mwanzoni mwa themanini, nawakumbuka wote kwa majina, na ya watoto wao pia. Lakini jina ni la mwenyewe, na wengi wameshalala. Nitasema tu mama mkwe, balozi, jirani. Inatosha.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Alikuja na mtungi wa pombe, jiwe la kusagia, na jambo moja moyoni. Baba mkwe alizikwa kwa gunia. Shuka nyeupe haikupatikana dukani wala kwa majirani, ikabidi wanaume wafumue magunia ya pamba wayaunge. Mtu amelima pamba maisha yake yote, amevisha watu asiowajua, naye akaenda na gunia. Mama mkwe hakulia sana siku ile. Ila alipofika kwangu aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kukwaruzwa huko chini. Nitafutie marekani." Marekani ni kile kitambaa cheupe kisicho na urembo, tulichokuwa tunazikia watu.

Kitambaa hicho kilifika duka la ushirika kwa nadra, na kilikwisha kabla foleni haijafika katikati. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa ni nani anasimama mbele.

Hapo ndipo balozi wetu wa nyumba kumi alipoleta kodi yake. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Kipindupindu kilikuwa kimepita vijiji vya jirani, na kwetu nzi walikuwa wanakula kabla yetu. Akatuita akasema: nyumba yenye jalala uani itatoa kodi ya mawe, mtu wake atabeba mawe ya kujengea zahanati. Nyumba isiyo na jalala haitabeba jiwe, na sabuni au kitambaa kikija, itasimama mbele. Serikali haikumtuma, aliitoa kichwani mwake. Tuliipenda, maana mawe ni mazito na sabuni hatukuwa nayo.

Kwa mama mkwe ilikuwa shida. Kwao jalala la majivu karibu na zizi ni heshima. Likiwa kubwa kama kichuguu, wapita njia wanajua hapo pana watu wanaokula. "Nyumba isiyo na majivu imepika nini?" alikuwa akiniuliza. Tena alikuwa anapika pombe ya mtama, na pombe ina machicha, ina kuni, ina majivu usiyoyamaliza. Lakini tamaa ya marekani ilimshinda. Jalala letu alilifagia mwenyewe mpaka ardhi ikaonekana. Sikumuuliza taka anazipeleka wapi. Kila uwanja ulikuwa safi ghafla, na hapakuwa na aliyemuuliza mwenzake.

Asubuhi moja akatoka na kapu kichwani, amelifunika kwa kanga safi ili wapita njia wasione. Sasa kwetu, mwanamke mtu mzima akitoka asubuhi na kapu lililofunikwa, hacheki wala hasimami, huyo anapeleka unga msibani. Na njiani humuulizi amekufa nani. Unajitanda, unachukua ulicho nacho, unafuata nyuma.

Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo, alimwona wa kwanza. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama. Mama mkwe kwa kuogopa akaitikia kwa sauti ndogo, bila kugeuka. Jirani akaona hiyo ni huzuni. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la michembe, viazi vilivyokaushwa, akafuata. Wa nyumba ya pili akamwona jirani, naye akajitanda. Nilipotoka kuteka maji nikakuta mstari wa wanawake unakatisha mashamba, na mama mkwe mbele anazidi kukaza mwendo. Nikajua wamepata habari ambayo mimi sijaipata. Nikaweka ndoo chini, nikafuata mikono mitupu.

Alitufikisha kwenye mashimo ya zamani ya wachimba dhahabu, waliyoyaacha yalipoingia maji. Akasimama ukingoni, hana pa kwenda. Jirani akamshika bega.

"Pole, mayu. Ameangukia humu?"

"Nani?"

"Marehemu."

Mama mkwe akatutazama. Kisha akashusha kapu, akaondoa kanga. Majivu, magunzi, machicha yenye nzi, na katambuga moja ya tairi iliyokatika.

Tukachungulia shimoni. Humo mlikuwa na taka za kijiji kizima, na kila mmoja wetu aliziona za nyumbani kwake. Zilielea juu ya maji, na bondeni chini kidogo ndiko kilikokuwa kisima chetu.

Jirani akakaa chini akacheka mpaka michembe ikamwagika. "Mayu, nimeacha uji motoni kuja kuzika majivu. Sasa tumeshakusindikiza. Lazima ufe."

"Nife nivae nini?" mama mkwe akasema. "Shuka yenyewe sina."

Hakuwa anatania. Kicheko kikaisha.

Habari ikamfikia balozi, akaja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulisema jalala lisiwe uani. Unaliona?"

"Silioni. Liko kisimani."

Balozi akasema kitambaa kikija, mama mkwe atasimama mwisho. Jirani, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akaingilia: "Na sisi wengine? Mkeo mwenyewe ana taka zake mle."

"Taka hazina jina," balozi akasema. "Kapu lina mwenyewe."

Marekani ikaja. Mama mkwe akasimama mwisho kama alivyoambiwa, akarudi na kanga yake tu mkononi. Akaketi jiweni akaanza kusaga.

Jioni jirani akaja na mkasi. Nyuma yake wakaja wale wale waliofuata kapu, na mke wa balozi akiwemo. Kila mmoja akakata kipande kwenye marekani yake. "Tulitoka kwa ajili ya msiba wako," jirani akamwambia, "hatuwezi kurudi bure." Vipande tukampelekea balozi. Akavipima, akakanyaga cherehani yake, akaviunga vyote, na ujira hakutaka.

Baadaye alibadili kodi. Nimeiwaza sana ile ya kwanza: alitoza kinachoonekana, tukajifunza kuficha. Ya pili iliruhusu jalala uani, na aliyelipeleka shambani kabla ya mvua ndiye aliyesimama mbele. Mama mkwe alirudisha kichuguu chake, akakitunza kama mbuzi.

Aliishi miaka mingi. Alipofariki maduka yalikuwa yamejaa, wajukuu wakaleta shuka mpya inayong'aa. Nikafungua sanduku nikaitoa ile ya vipande, imeshageuka rangi ya maziwa. Jirani, naye ameshazeeka, akaikunjua, akagusa kipande kimoja pembeni. "Hiki changu," akasema. Ndiyo tuliyomvika.