Beberu Hupimwa Kwanza

Mama mkwe wangu anaishi Dongobesh. Mbuzi wake walikuwa wanazaa kila mmoja kwa wakati wake, wengine kwenye baridi kali, na watoto wao wakawa wanakufa. Akaniomba nimsaidie. Mimi ni daktari wa mifugo, na wakati huo nilikuwa nimekaa miaka mingi na mwanawe bila kupata mtoto.

Dawa ya kuwapanga wazae pamoja ni kama sponji ndogo. Unaiingiza ukeni mwa mbuzi, inakaa humo siku kadhaa ikizuia yai lisipevuke. Ukishaitoa unamchoma sindano ya kuamsha mayai, na mbuzi wote wanaingia joto kwa pamoja. Wakipandwa pamoja, watazaa pamoja, wakati wenye majani.

Siku ya kutoa sponji majirani walikuja kutazama. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mbuzi, mume wangu amemshika pembe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye nilikuwa nimetoka kumpa shikamoo, akasema kwa sauti, "Daktari, sindano ikibaki, jichome na wewe."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Hakujua kwamba nilikuwa nachomwa kweli. Chini ya ovaroli tumbo langu lilikuwa na madoa ya sindano za hospitali, za kupevusha mayai kama hizo za mbuzi, na kila nilipokwenda kuchomwa niliaga nyumbani kwamba nina semina. Masikio yaliniwaka. Niliendelea kuvuta uzi wa sponji bila kumtazama mtu, na mume wangu naye aliinamia pembe za mbuzi.

Watu walipoondoka, mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa anachochea moto.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "kabla hujawagusa majike, ulimpapasa beberu korodani. Kwa nini?"

"Beberu hupimwa kwanza, mama. Akiwa na kasoro, tutawasumbua majike bure."

Akasogeza kuni ndani. "Na mwanangu amepimwa?"

Mambo ya chumbani huwezi kuyaongea na mama mkwe. Nilishika sufuria ya chai, nikaiweka tena palepale. Nilitamani nitoke, lakini alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Hapana, mama," nikasema. Sikuwahi hata kumwomba mume wangu. Niliona haya kutamka jambo hilo mbele yake, mimi ambaye kwa wafugaji nalitamka kila wiki.

Mama alimwita mwanawe nyuma ya nyumba. Sijui alimwambia nini, ila mume wangu alikubali kwenda kupimwa. Majibu yakaonyesha mbegu zake ni chache mno. Tulipokuwa tunatoka hospitali akaniambia, "Usimwambie mtu." Nikamwahidi. Lakini mama yake alipomuuliza, alishindwa kumdanganya.

Mbuzi walizaa vizuri, karibu wote ndani ya wiki moja. Majirani wakarudi, safari hii wakitaka na wao wafanyiwe. Yule mama aliyeniambia nijichome sindano akalitazama zizi lililojaa watoto, akanigeukia. "Mbuzi wa mkweo wamejibu. Wewe lini?"

Kabla sijacheka kama kawaida yangu, mama mkwe akasema, "Mwacheni huyu. Yeye ni mzima. Anayetibiwa ni mwanangu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mtoto wa mbuzi mikononi, bado amelowa. Alimweka chini polepole karibu na mbuzi aliyemzaa, akajifuta mikono kwenye suruali, akashika njia ya shambani. Yule mama akaanza kusema pole, akaishia katikati. Mimi niliinama nikajifanya namwangalia yule mtoto wa mbuzi kitovu. Nilipaswa kumfuata mume wangu. Sikumfuata. Moyoni kitu kilikuwa kimeshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na nilipogundua kwamba nimefurahi nikaona aibu kuliko siku zote nilizochekwa.

Sasa tunakwenda kliniki wote wawili. Kwenye foleni yeye hutazama sakafu. Mimi humsogelea mpaka mabega yetu yagusane, lakini bado sijaweza kumwambia kwamba siku ile, alipokuwa anaondoka kichwa chini, mimi nilipumua.