Gari la Kufuata

Karakana ya Lukito ndani ya gemu ilijaa magari, lakini aliendesha moja tu: sedani nyeupe ya zamani inayosukumwa na matairi ya nyuma. Wenzake wa mtandaoni walimshangaa. Gemu lile lilikuwa na nchi nzima ya kuzurura, miji, fukwe na milima, pamoja na magari yenye injini za kutisha. Yeye aliwajibu kwamba gari la kuserereka, la kuteleza kimakusudi kwenye kona, halichaguliwi kwa injini. Ukilipa nguvu kupita kiasi, linazunguka kama pia. Linataka uzito uliogawanyika vizuri mbele na nyuma, na magurudumu ya mbele yanayokubali kukata kona hadi mwisho.

Aliishi Salatiga, mji mdogo wa Indonesia, katika chumba juu ya duka la fotokopi alilofanyia kazi. Siku nzima alitoa nakala za tasnifu za wanafunzi, ambao walimshukuru bila kuinua macho kwenye simu zao. Jumapili duka lilipofungwa, alikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, akavaa hedfoni na kuwasha kompyuta.

Katika kundi lao watu waliserereka wawili wawili. Mmoja aliongoza, mwingine akamfuata kwa karibu hadi bampa lake likaribie kugusa mlango wa mwenzake. Kila wawili walipaka magari yao rangi moja. Mwenzake Lukito alikuwa Garin: Garin aliongoza, Lukito alifuata, tangu mwanzo. Ndiyo maana kila kitu katika sedani ile kilipangwa kwa ajili ya Garin. Gia zilikuwa fupi ili amfikie haraka anapotoka kwenye kona, na matairi ya nyuma yalipunguzwa upepo ili yashike lami zaidi.

Kisha Garin alioa, akahamia Balikpapan, kisiwa kingine, akatoweka kwenye gemu. Miezi ilipita. Ijumaa moja ujumbe ukaja: “Jumapili, Mas. Mlimani, kama zamani.”

Bado alimwita Mas, yaani kaka. Lukito aliusoma ujumbe mara kadhaa. Alitaka kujua gari la Garin sasa likoje, ili alipange lake lilingane nalo.

“Umebadilisha nini?” aliandika.

“Vitu vidogo tu. Utaona mwenyewe.”

Basi akakisia. Akalegeza springi za mbele, akajaribu, akazikaza tena.

Jumapili mchana kundi lilikusanyika kileleni mwa mlima wa gemu. Garin alifika na gari pana jeusi. Ubavuni mwake lilisimama jingine jeusi, la rangi ileile.

“Mas Lukito! Kumbe bado uko hai?”

“Niko. Na huyu nani?”

“Shemeji yangu, Hairul. Tunakaa nyumba moja, bwana, mazoezi kila jioni. Akikosea namzaba kofi la kisogo hapohapo!”

“Muongo huyo,” Hairul akadakia. “Anayezabwa ni yeye.”

Lukito alisubiri kicheko kiishe. “Nilidhani tunateremka mimi na wewe.”

Garin alirudisha gari lake nyuma. “Tuongoze, Mas. Pita mbele, sisi tutakufuata.”

“Haya, mkongwe!” alisema Wening, dada mmoja wa kundi. “Tuonyeshe, usituchomee matairi bure!”

Lukito akaondoka. Kona ya kwanza aliikata vizuri. Ya pili ilimkuta hajui aanzie wapi kugeuza. Miaka yote hakuwahi kuitazama barabara. Alitazama taa za nyuma za Garin, na zilipoyumba, naye akayumba. Mbele yake sasa hapakuwa na taa. Akachelewa, akavuta hendibreki, akaingia kwenye misonobari. Yale meusi yakampita, mlango kwa mlango, yakipendeza.

“Mas, umeenda kuchanja kuni?” Hairul aliuliza.

Wote wakacheka. Lukito naye akacheka, wa mwisho.

“Usijali,” Garin alisema. “Jumapili nyingine, tukipata nafasi.”

Majina yao yakateremka kwenye ramani kuelekea mjini, yakazimika.

Lukito alirudisha gari kileleni. Akarefusha gia, akajaza upepo matairi ya nyuma ili yateleze kwa urahisi. Yote aliyoyapanga kwa ajili ya Garin akayapangua. Kisha akateremka polepole, bila kuserereka hata kidogo, kama mtu anayefundishwa udereva, akiisoma barabara kona kwa kona.

Baada ya daraja aliona kibanda cha chai chenye paa jekundu.

“Kumbe hapa pana kibanda,” alisema kwa sauti.

Akasimamisha gari, akakitazama.