Nilivyoipumzisha kompyuta kiangazi kizima ili irudishe nguvu

Mwangaluka wakuu. Nasimulia ukweli mtupu, chumvi itakayoonekana imejimwaga yenyewe.

Kuna muuza vitu used kule Lamadi aliniambia kompyuta ni kama maksai. Ukiilimisha sana inachoka, na ikichoka dawa ni kuipumzisha kiangazi kizima. Msimu ukianza inaamka na nguvu mpya.

Niliamini, wakuu. Niliamini kuliko yeye aliyenidanganya.

(Form four nimemaliza kwa masomo ya jioni hapahapa Bariadi, msinione mshamba. Fizikia nina D ya heshima.)

Desktop yenyewe alikuwa ameniuzia yeye, monitor ya chogo. Chogo refu, kidogo tubomoe ukuta. Siku ya kuiwasha mtaa ulijaa kama mnadani. Mzee mmoja alitoka Malampaka kuja kuiona, akaisalimia Kisukuma, akanuna haikuitikia.

Mwanzoni ilikimbia. Baadaye unafungua ukurasa wa mtandao, unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo, ukirudi bado inautafuta.

Basi nikaipumzisha. Nikaifunika chandarua, nikapiga marufuku kelele chumba kile. Mke wangu, Mama Kulwa, akauliza mbona yeye hapumzishwi. Nikamwomba apunguze sauti.

Msimu ukafika. Mama Kulwa alikuwa anaomba chuo cha uuguzi, ndoto aliyoiweka pembeni tangu tupate mapacha. Siku ya mwisho ya maombi akaniambia:

"Baba Kulwa, dirisha linafungwa leo saa kumi. Twende stationery."

"Stationery? Na hii iliyonona humu ndani?"

Nikavua chandarua, nikachomeka modem. Ikanguruma kama trekta la kijiji. Tukasubiri mpaka chai ikapoa, ndipo ukurasa wa chuo ukaleta Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Not supported. Yaani haina wa kuitunza."

"Miezi yote inalala kwenye chandarua, leo haina wa kuitunza?"

Nikazima, nikawasha. Nikaipepea. Nikaipapasa chogo huku naibembeleza.

Nageuka, Mama Kulwa hayupo.

Hapo jasho likanitoka la kumwagilia ekari ya pamba. Mwanamke kasubiri miaka, halafu anakosa chuo kwa sababu ya chandarua changu! Nikaanza kupanga nitakayosema kwenye kikao cha ukweni.

Saa kumi haijagonga, karudi anacheka. Kumbe alikimbilia kwa Bi Zuhura, muuza vitenge jirani, akaazima smartphone, maana sisi wote wawili tulikuwa na vitochi, simu za kubonyeza zisizo na intaneti. Akajaza maombi akiwa amekaa juu ya robota la vitenge. Yamekwenda.

Na alichaguliwa, wakuu. Sasa hivi yuko chuoni, mimi ndiye nasonga ugali.

Funzo: kabla hujameza ushauri wa mtu, angalia anauza nini. Na wenye mashine zinazofungiwa ndani kama mwari, shukeni hapo chini mjitaje, hapa hatuchekani. Tunacheka kidogo tu.

Ila siku ile bado nilibisha. Nikamwambia labda tungeiongezea mwezi mmoja wa mapumziko.

Mama Kulwa akavuta kigoda, akaniambia taratibu:

"Baba Kulwa, haijachoka. Iko vilevile ulivyoinunua. Mambo ya mtandaoni ndiyo yamekuwa mapya, na walioitengeneza wameshaacha kuiletea programu mpya."