Kuku Waliohamia kwa Mama Odile

Harufu ya pumba za mahindi zilizolowekwa hunichefua mpaka leo, na ninyi mliowahi kufuga mtanielewa. Kwetu Lubumbashi, kulisha kuku wa Mama kulikuwa kazi yangu, na shukrani yao ilikuwa kunidonoa vidole. Hata hivyo nilijigamba shuleni kwamba wananijua.

Mama aliwazoeza tangu vifaranga kula katika beseni jekundu. Lilipopasuka, akanunua la kijani. Jamani! Niliita, nikagonga beseni, nikawamwagia pumba miguuni. Walinitazama kama mgeni, kisha wakapenya ua hadi kwa jirani yetu, Mama Odile, aliyekuwa akifua nguo katika beseni lake jekundu. Wakalizunguka wakidonoa povu la sabuni. Povu!

Mama alifika akihema. "Mama Odile, uko naroga kuku yangu?"

"Miye? Miko nafula nguo! Inakuya yeneye!"

"Kuku haiachake bure muntu anailisha. Iko kintu uliifanyia."

Mama Odile ndiye aliyekuwa awe marene, yaani msimamizi, wa komunyo yangu ya kwanza, na gauni langu jeupe lilikuwa bado kwenye cherehani yake. "Basi," alisema, "mutoto wako umutafutie marene ingine."

Niliangua kilio. Wote wawili wakanigeukia: "Nyamaza!" Hilo tu ndilo walilokubaliana.

Kwa hasira Mama Odile alimwaga maji, akalirusha beseni kwetu juu ya ua. Kuku wote, na ubishi wao, wakageuka na kulifuata mbio, wakikanyagana kwenye tundu la ua. Mama aliwatazama, akamtazama jirani yake, akaingia ndani. Wala hakuomba msamaha, si siku ile, si baadaye.

Mama Odile alinisimamia, kwa ajili yangu, lakini hakukanyaga tena jikoni kwetu.

Nilipokuwa mdogo niliwakasirikia kuku: siku zote walitazama rangi, uso wangu hawakuushika hata kidogo. Siku hizi siwalaumu. Rangi ile ndiyo iliyowalisha. Kabla ya ugomvi ule, Mama alipolazwa kitandani na malaria, Mama Odile ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka akainuka. Na bado, siku kuku walipovuka ua, Mama alimwona mchawi.