Kreatini ya Stoimen

Kila Januari, katika kijiji kimoja cha milimani Bulgaria, wanaume huvaa ngozi za mbuzi, vinyago na kengele nzito viunoni, na kuruka mitaani kufukuza pepo wabaya. Stoimen aliongoza msafara huo tangu ujana wake, na hakuchoka kuwakumbusha watu, hasa wale wasiouliza. Kisha nimonia ikamlaza kiangazi kizima, akaamka na miguu kama mabua. Mkwewe Ognyan, mume wa binti yake Rada, akasema, kwa adabu zote, kwamba baba asipoweza, kengele atazibeba yeye. Stoimen aliona heri azizike.

Daktari akampa matumaini. Kreatini, unga mweupe wa kukoroga, huisaidia misuli iliyodhoofika, mradi mwenyewe aitumikishe: asimame na kukaa, apande ngazi, abebe mizigo. Stoimen alisikia habari ya unga; hayo mengine labda yalisemwa kwa lugha ya kigeni. Kila asubuhi aliukoroga kwenye mtindi, akanywa, akarudi kukaa karibu na jiko kuingoja misuli. Uzito ulipoongezeka kidogo, wa maji tu kama alivyoonywa, alitangazia kijiji kizima kwamba mapaja yamerudi.

Kuni alipasua mkewe, Tsonka. Maji ya nguruwe, magunia ya viazi, theluji ya uani, vyote Tsonka, maana bwana mkubwa alikuwa kwenye matibabu. Naye, kwa vile daktari alisema hata kwake unga hauna neno, alijichotea kijiko chake kila siku.

Siku ikafika. Stoimen akavishwa ngozi, akafungwa kengele, akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Benchi halikumwachia. Ognyan akauliza kwa upole, akiwa nje ya mlango, kama aingie kusaidia. Machozi yakamtoka Stoimen.

"Vua," Tsonka akanong'ona.

"Nimpe Ognyan?"

"Nimesema vua, Baba Rada. Halafu kajifiche nyuma ya pazia, na ole wako ukohoe."

Tsonka akavaa ngozi, akajifunga kengele, akavaa kinyago, akatoka. Aliruka hadi theluji ikaporomoka mapaani. Stoimen, akiwa na nguo za ndani tu nyuma ya pazia, aliwasikia wazee wenzake wakisema kwamba hata ujanani Stoimen hakuwahi kuruka hivyo.

Alitamani sana kubisha, lakini kwa kijiji kizima, Stoimen alikuwa huko nje, anaruka.